Somo la Ufundi: Neno la Siri Lililosahauliwa

Tufikiri karakana moja yenye mashine ya kukereza vyuma. Mashine ni nzima, lakini huongozwa na kompyuta ya zamani, nayo kila iwashwapo huuliza neno la siri. Fundi aliyelijua amestaafu, wala hakuliandika popote. Kazi imesimama. Kijana mmoja anasema, "Ng'oeni betri, itasahau yote." Je, shauri lake ni jema?

Yatupasa kwanza kujua neno la siri hukaa wapi. Kompyuta ya namna hii huweza kuwa na milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa BIOS, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, mipango ya kuwashia iliwekwa katika kumbukumbu iitwayo CMOS. Kumbukumbu hiyo, pamoja na saa yake, ilikuwa na baiti 64 tu. Haihifadhi kitu bila umeme, ndiyo maana ikapewa betri. Katika kompyuta nyingi zilizofuata, neno la siri la BIOS nalo liliwekwa humo. Betri ikitolewa, neno hufutika.

Mlango wa pili ni wa Windows, kwa mfano Windows XP ya mwaka 2001. Hii haiweki neno lenyewe, bali alama iliyokokotolewa kutokana na neno hilo. Ni kama mahindi yaliyosagwa: unga haurudi kuwa punje. Kwa hiyo fundi hulisahau neno la kale akaweka jipya, kwa kuiwasha kompyuta kwa CD maalum. Alama hiyo imo ndani ya diski, basi kung'oa betri hakusaidii kitu hapa. Tena, kama faili zilifichwa kwa njia ya Windows yenyewe, kubadili neno kwa nguvu huweza kuzifunga zisisomeke tena.

Sasa turudi kwa yule kijana. Betri hailindi neno la siri peke yake. Katika kompyuta za zamani huhifadhi pia vipimo vya diski. Vikipotea, kompyuta haiioni diski yake. Hatari kubwa zaidi ni hii: kidhibiti cha mashine huweza kuwa na betri yake nyingine, inayotunza vipimo vya mashine yenyewe. Hiyo ikitolewa umeme ukiwa umezimwa, vipimo hupotea, na mashine huwa chuma kitupu hata kama mlango umefunguka. Ndiyo sababu vidhibiti vingi hubadilishwa betri umeme ukiwa umewashwa, kama kitabu chake kinavyoagiza.

Basi, fundi mwenye akili hufuata utaratibu huu:

1. Hupata idhini ya mwenye mashine kwa maandishi. Kufungua kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa.
2. Humtafuta fundi wa zamani, hupekua daftari na vitabu vya mashine, na humwandikia mtengenezaji akimpa namba ya mashine. Mara nyingi jibu hupatikana hapa.
3. Hutambua ni mlango upi uliofungwa, na kila betri ni ya kazi gani.
4. Huzima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme, kisha hutoa diski na kuinakili yote kwa kompyuta nyingine. Huandika pia namba zilizo juu ya diski, maana ndizo vipimo vyake.
5. Hapo tu ndipo hugusa kufuli. Akimaliza hurudisha tarehe na vipimo vya diski, na huandika neno jipya katika daftari linalofungiwa kabatini.

Zipo pia kompyuta ambazo neno lake limo katika kipande kisichohitaji betri. Hizo ni kazi ya mtengenezaji.

Neno la siri lililosahauliwa huweza kuwekwa jingine. Vipimo vilivyofutika bila nakala havirudi. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI

1. Kwa nini kung'oa betri hakufungui mlango wa Windows?
2. Taja vitu viwili viwezavyo kupotea betri isiyofaa ikitolewa.
3. Kwa nini diski hunakiliwa kabla ya kugusa kufuli?