Kwa Nini Ukurasa Uliosahihishwa Huonekana wa Zamani?

Wenzangu wa vidato vya chini wanaojifunza kutengeneza kurasa za intaneti huniuliza mara nyingi: "Nimesahihisha ukurasa wangu, mbona simu ya baba bado inaonyesha mambo ya zamani?" Nitajibu kwa mfano wa hapa kwetu.

Tufanye kwamba mwanafunzi wa Nyamagana alitengeneza ukurasa wa kuwasaidia wasafiri waendao Sengerema. Ndani yake mna programu ndogo ya kuhesabu saa ya kufika, iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995. Programu hiyo iliongeza muda wa kungoja kivuko cha Kigongo. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Mwanafunzi akaandika maneno mapya, akaufuta na muda wa kivuko. Lakini mzazi aliyewahi kuutazama ukurasa ule akaona habari za daraja pamoja na hesabu ile ile ya kivuko!

Sababu ni hii. Kivinjari hakiendi kisimani kila mara. Huweka akiba mtungini. Kila kilicholetwa huhifadhiwa katika simu, ili mara ya pili ukurasa ufunguke upesi na bando lisiliwe bure. Seva ndiyo inayosema akiba ikae muda gani, kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku moja. Kabla ya muda huo kwisha, kivinjari hakiulizi. Kwa mzazi yule, muda wa ukurasa ulikuwa umekwisha, wa programu bado.

Dawa ni mbili. Kwanza, ukurasa wenyewe upewe amri ya kuuliziwa kila unapofunguliwa. Kama haukubadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kuutuma tena, na bando huliwa kidogo sana. Pili, programu iruhusiwe kukaa muda mrefu, lakini ikibadilishwa ipewe jina jipya: safari1.js iwe safari2.js. Ukurasa mpya utaitaja safari2.js, kivinjari hakinayo, basi hakina budi kwenda kuileta.

Msimwambie mzazi, "Futa akiba ya simu yako." Yeye hakukosa, na wasafiri wengine hamtawaona mpate kuwaambia. Kazi hiyo ni ya mtengenezaji wa ukurasa.