Somo la Wiki: Mkurugenzi ni Mtu Gani Nje ya Ofisi?

Mfanyabiashara wa Nyangoto anayekodisha lori, anayeuza mboga au kushona sare pengine haoni haja ya kufuatilia bei ya dhahabu ya London kila asubuhi. Lakini ana haja ya kujua ni nani anayekalia kiti cha juu katika kampuni inayoendesha mgodi wa North Mara, ulio mlangoni pake. Mtu huyo ana fani aliyosomea, ana alikotoka, ana anayoyapenda na asiyoyavumilia. Kuyachunguza hayo si umbea. Ni sehemu ya taarifa za soko, sawa na bei ya dizeli.

Turudi mwaka 2017. Mwezi Machi Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. North Mara haikuguswa moja kwa moja, maana mgodi huo huuza dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa. Hata hivyo, Julai mmiliki wake, kampuni ya Acacia, alidaiwa kodi, riba na faini zinazofikia dola bilioni 190 za Marekani. Wengi walimtazama mkurugenzi wa Acacia, Brad Gordon, mtu wa migodi kutoka Australia. Kumbe wa kutazamwa alikuwa mwingine. John Thornton, mwenyekiti wa Barrick, kampuni iliyokuwa na hisa nyingi za Acacia, alikwisha fika Ikulu ya Dar es Salaam tarehe 14 Juni kuonana na Rais Magufuli.

Thornton si mchimbaji. Ni mtu wa benki, aliyewahi kuwa rais wa Goldman Sachs na baadaye kufundisha Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Kazi ya watu wa namna hiyo ni kukaa mezani na wakubwa mpaka hesabu ikubalike. Aliyeusoma wasifu wake hakushangaa tarehe 19 Oktoba yalipotangazwa makubaliano ya awali: Serikali kupewa hisa asilimia 16, manufaa kugawanywa nusu kwa nusu, na malipo ya dola milioni 300. Gordon aliondoka mwaka ukiisha.

Baada yake likaja jina ambalo Nyangoto imelisikia zaidi, Mark Bristow. Huyu ni mwanajiolojia wa Afrika Kusini mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Natal. Aliianzisha Randgold Resources mwaka 1995 na kuiongoza hadi ilipoungana na Barrick tarehe 1 Januari 2019. Nje ya kazi ni mpenzi mkubwa wa pikipiki, na amewahi kulikatiza bara la Afrika kwa pikipiki kuchangisha fedha za misaada. Kijana wa bodaboda wa Nyamongo anaweza kumwelewa mtu huyo haraka kuliko karani wa benki wa mjini.

Je, hilo linamsaidia nini mwenye kuomba zabuni? Linamsaidia kujua lugha ya kuzungumza. Kiongozi aliyelelewa na miamba hutaka kuona kwa macho, na mara nyingi wasaidizi huiga tabia ya mkubwa wao. Mpelekee sampuli, tarakimu chache zilizo sahihi, na mwaliko wa kuja kulikagua ghala lako. Barua ya kurasa sita yenye sifa nyingi humchosha. Chini ya Bristow, Acacia iliingizwa Barrick Septemba 2019, ikaundwa kampuni ya Twiga ya ubia na Serikali, mkataba ukasainiwa Januari 2020, na Oktoba mwaka huo Twiga ikatangaza gawio la dola milioni 250, zikiwemo milioni 40 za Serikali. Ni mwendo wa mtu asiyependa jambo lilale.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kupenda safari za vumbi hakukufuta malalamiko ya vijiji vinavyouzunguka mgodi. Novemba 2022 baadhi ya wakazi walifungua kesi Ontario, Kanada, kuhusu mauaji na majeruhi eneo la mgodi. Sura nzuri ya kiongozi ni ya kiongozi; rekodi ya kampuni huulizwa peke yake.

Na kiti chenyewe hakina mwenyewe. Tarehe 29 Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Bristow ameachia uongozi, siku hiyo hiyo, na Mark Hill akakaimu. Tuseme mwenye malori mawili alikuwa amejenga biashara yake yote juu ya kufahamiana na wakubwa wa uongozi uliopita, bila mkataba wa maandishi. Asubuhi iliyofuata angekuwa na nini mkononi? Mwenzake aliyejisajili kama muuzaji na kuzijua Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini angekuwa na cha kumwonyesha mgeni yeyote atakayeketi pale.

Wasifu wa wakurugenzi hauhitaji kutafutwa kwenye baa. Makampuni yaliyo katika masoko makubwa ya hisa huuchapisha kila mwaka, pamoja na mishahara yao na idadi ya hisa wanazomiliki. Anza na hisa: angalia kama mkubwa ameweka fedha zake mwenyewe humo, na kama amekuwa akiongeza au akiuza.