Vijidudu Waletao Umeme

Twaa fimbo, uitie katika matope ya ziwa au ya bwawa, kisha uitoe uitazame. Ncha iliyoingia chini sana imetoka na tope jeusi, tena lanuka. Watu hulidharau tope hilo, wakaenda kuosha mikono. Lakini ndani yake wamo vijidudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, nao waweza kuwasha taa.

Vijidudu hao ni bakteria. Bakteria ni wa namna nyingi: wako waletao kipindupindu, na wako wagandishao maziwa. Hawa wetu hawamdhuru mtu. Tazama rula yako, ile nafasi ya milimita moja. Mia tatu wao au zaidi waweza kujipanga humo kwa urefu, mmoja nyuma ya mwenziwe.

Kabla hatujaendelea, sharti tujue kupumua ni nini. Kila chenye uhai hula, na ndani ya chakula mna vitu vidogo sana viitwavyo elektroni. Mwili huzitoa elektroni katika chakula na kuzipitisha hatua kwa hatua, na katika kupita kwake ndimo zipatikanamo nguvu za kukimbia, za kulima, hata za kufikiri. Kazi ikiisha, elektroni hizo hazina budi kupata wa kuzipokea. Kwetu sisi mpokeaji ni oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotuweka hai. Mtu akizibwa pua na kinywa hufa upesi ingawa tumbo lake limejaa chakula, kwa kuwa elektroni zake hazina pa kwenda.

Je, chini ya tope, pasipo oksijeni, bakteria waishije? Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Derek Lovley, alieleza habari za bakteria waliotoka katika matope ya mto Potomac, karibu na mji wa Washington. Bakteria hao huzitua elektroni zao juu ya kutu ya chuma. Sisi twapumua hewa, wao wapumua kutu! Baadaye waliitwa Geobacter. Nao wana nyuzi nyembamba zitokazo mwilini, ambazo elektroni hupita humo kama zipitavyo katika waya. Mwaka 2019 wataalamu walizichungua nyuzi hizo, wakaona ndani yake chembe za chuma zimepangwa toka mwanzo hata mwisho.

Sasa kumbuka kwamba umeme upitao katika waya si kitu kingine ila elektroni zinazokwenda. Basi watu wakawaza: kama bakteria hutua elektroni juu ya kutu, tukimpa kipande cha kaboni badala ya kutu, hatazitua hapo? Naam, huzitua. Hutwaliwa chombo kisichoingia hewa, kikatiwa maji machafu na kipande cha kaboni. Kipande cha pili huwekwa upande upatao hewa, navyo vyote viwili huunganishwa kwa waya. Bakteria hula uchafu. Elektroni hupita katika waya mpaka upande wa pili. Huko hukutana na oksijeni, pamoja na hidrojeni iliyojipenyeza ndani ya chombo, yakafanyika maji. Taa ikiwekwa katika njia ya waya, elektroni sharti zipitie humo. Wakati huohuo uchafu unazidi kupungua, kwa maana umeliwa.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja, M. C. Potter, mwalimu wa elimu ya mimea huko Newcastle, alionyesha ya kwamba chachu na bakteria waweza kutoa umeme. Watu hawakulitilia maanani sana, kwani umeme wenyewe ulikuwa kidogo.

Hata leo ni kidogo. Chombo kimoja hutoa kama nusu ya volti, na betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu. Basi vyombo vitatu vikifuatana ndivyo vitakavyolingana nayo kwa volti, wala si kwa nguvu. Kwa hiyo hufungwa vyombo vingi pamoja, na umeme wake hukusanywa katika betri mchana kutwa, mfano wa mtungi uwekwao chini ya tone la maji.

Huko Bristol, Uingereza, Ioannis Ieropoulos na wenzake waliwalisha bakteria mkojo. Mwaka 2013 walitia umeme katika simu ya mkononi. Mwaka 2015 walijenga choo chenye taa, wakishirikiana na Oxfam, shirika linalosaidia wakimbizi. Maana katika kambi za wakimbizi wanawake huogopa kwenda chooni usiku, wasije wakavamiwa gizani. Na mwaka 2017 kazi hiyo ilifika kwetu Afrika ya Mashariki, katika shule ya wasichana huko Kisoro, nchi ya Uganda. Mkojo wa wanafunzi uliwalisha bakteria, na bakteria wakawasha taa za vyooni.

Vyombo hivi havijaenea bado. Huhitaji kaboni nyingi kwa umeme mchache, na bakteria hutaka kulishwa daima. Shule ikifungwa, wanafunzi wakaenda kwao, vijidudu nao hubaki na njaa, na taa hufifia mpaka watoto warudi.