Kabla Hujaenda Kufundisha Kiingereza Thailand

Walimu wanaonipigia simu kutoka Mombasa, Malindi na Tanga karibu wote huanza na mshahara. Nami huwauliza kwanza: vyeti vyako viko wapi, na vimegongwa mihuri gani? Thailand inatafuta walimu wa Kiingereza kila msimu, na sisi watu wa Afrika Mashariki tumo shuleni huko pamoja na Wafilipino, Wakameruni na Waafrika Kusini. Lakini mengi ya kukufanya ulale usingizi ugenini hutengenezwa ukiwa bado kwenu. Ukishapanda ndege, kila karatasi iliyosahaulika ni pesa na machozi.

Anza na shahada. Bila shahada ya kwanza usisafiri, na kama ni ya ualimu, una nafasi bora zaidi, kwa sababu baraza la walimu la huko, liitwalo Khurusapha, ndilo linalotoa idhini ya kufundisha. Shahada na orodha ya alama zako zipeleke Wizara ya Mambo ya Nje zithibitishwe, kisha uzipeleke ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Chukua cheti cha tabia njema cha polisi kikiwa kipya. Fanya pia mtihani wa Kiingereza wa TOEIC mapema. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda huhesabiwa si mzawa wa Kiingereza, na shule nyingi humtaka alete alama 600 na kuendelea kati ya 990. Usione vibaya. Mwalimu aliyesahihisha insha za kidato cha nne ataupita mtihani huo, na mlango mmoja utakuwa umefunguka.

Halafu kuna kadi ya njano. Nchi zetu zimo kwenye orodha ya homa ya manjano, kwa hiyo chanjwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, na kadi uiweke pamoja na pasipoti, si ndani ya begi kubwa. Ukifika uwanja wa Suvarnabhumi, Bangkok, tafuta kwanza dawati la afya ukagongewe muhuri, ndipo uende foleni ya uhamiaji. Asiyejua hupanga foleni ndefu ya uhamiaji, afike mbele, arudishwe nyuma kwenda kutafuta dawati hilo huku amechoka na watoto wanalia.

Kuhusu viza nitasema bila kuzunguka. Kuna mawakala watakaokuambia, “Dada, ingia kama mtalii, mengine tutayatengeneza ukiwa ndani.” Wakala mmoja aliniambia hivyo hivyo, kwa sauti ya upole na uhakika mwingi. Kataa. Viza ya kazi ya ualimu ni ile ya Non-Immigrant B, unaichukua kabla ya kusafiri kwa barua za shule, na baada ya kufika shule inakuombea kibali cha kazi na kukuongezea muda wa kukaa. Ukikamatwa unafundisha kwa viza ya utalii, anayefukuzwa nchini ni wewe. Wakala atabaki ofisini akimhudumia mwingine.

Mkataba usome mpaka mwisho. Uliza unalipwa miezi mingapi, kwa maana shule nyingi hufunga Machi na kufunguliwa katikati ya Mei, na mikataba kadhaa hailipi likizo hiyo. Uliza nani analipia kibali cha kazi. Na usishtuke ukiona mwaka 2569 kwenye karatasi: wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543.

Sasa pesa. Kwa shule za kawaida, mwalimu mgeni mwenye pasipoti kama zetu mara nyingi hupewa kati ya baht 25,000 na 35,000 kwa mwezi, na baht moja ni kama shilingi 4 za Kenya. Unaishi nazo vizuri nje ya Bangkok, ila mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na benki nyingi hazikufungulii akaunti mpaka uwe na kibali cha kazi. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili. Nenda na pesa za kukutosha miezi miwili bila kukopa kwa mtu. Mgeni anayeanza kazi kwa kukopa kwa walimu wenzake hupoteza heshima ambayo hata Kiingereza kizuri hakiirudishi.

Mimi nimekaa Hat Yai, mji mkubwa wa biashara mkoani Songkhla, kusini kabisa karibu na mpaka wa Malaysia. Nawaambia watu wa pwani waufikirie upande huu. Waislamu ni wengi, wasichana wenye hijabu wamejaa madarasani, na nembo ya halali iko kwenye vyakula vingi vya dukani. Mwalimu wa kike aliyejifunika hapa hashangazi mtu. Ila kuna jambo lazima ulijue kabla ya kutia saini: mikoa ya karibu ya Pattani, Yala na Narathiwat imekuwa na mapigano ya chini kwa chini tangu 2004, na wilaya kadhaa za Songkhla zimeguswa. Ukiambiwa tu kwamba shule iko “kusini”, omba jina la wilaya, fungua ramani, uulize walioko huko.

Ukipanga nyumba Hat Yai, panda juu. Mji uko bondeni, na mvua za Novemba zimeufurikisha vibaya, mwaka 2010 na tena 2025. Chumba cha chini ni rahisi na kinavutia ukiwa na masanduku mazito, lakini waulize majirani maji yalifika wapi. Watakuonyesha kwa mkono ukutani. Kisha mwombe mwenye nyumba aandikishe ukaazi wako uhamiaji, fomu yao inaitwa TM.30. Sheria inampa saa 24 tangu ufike, na usipoandikishwa, shughuli zako nyingine za uhamiaji zitakwama.

Kuhusu chakula, hapa nitakaa kidogo, maana nimeona wenzangu wakikonda bure kwa kula mikate na mayai chumbani. Tafuta kibanda chenye sufuria kubwa ya wali wa manjano na mapaja ya kuku yamefukiwa ndani. Wanauita khao mok kai, na ni biriani kwa jina lingine: wali wa binzari, vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu juu, matango pembeni, na sosi ya kijani yenye ukali na utamu ndani yake. Asubuhi kuna roti inayokandwa mbele yako, ikarushwa hewani mpaka ikawa nyembamba kama shuka, ikakunjwa na kukaangwa, ukaichovya kwenye mchuzi. Kuna mchuzi wa massaman wenye tui, viazi na njugu ambao mama yangu angeuliza tu nani kauongezea sukari. Nazi ipo, ukwaju upo, samaki wabichi wapo. Siku ya kwanza ya kuingia sokoni Kim Yong nilinunua nazi iliyokunwa tayari, nikachuja tui jikoni kwangu, nikapika maharagwe ya nazi, na jirani yangu wa mlango wa pili akaja kuuliza kinapikwa nini. Nikampa bakuli. Tangu siku hiyo bakuli lile halijawahi kurudi tupu.

Shuleni, tazama kabla ya kutenda. Saa 2:00 asubuhi bendera hupandishwa na wimbo wa taifa hupigwa, na husimamisha hata watu walioko stesheni. Saa 12:00 jioni hupigwa tena. Simama. Viatu huvuliwa nje ya ofisi nyingi na madarasa mengi, kwa hiyo vaa vya kuvulika upesi. Wakubwa unawasalimia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, nao watoto watakuamkia hivyo. Mtoto usimguse kichwani hata kwa upendo. Mfalme na familia yake usiwazungumzie, si darasani wala mtandaoni, kwa sababu kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinabeba kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Darasa la watoto 40 na zaidi si geni kwetu. Kigeni ni majina. Kwenye rejista yameandikwa marefu, ila kila mtoto ana jina la nyumbani alilopewa akiwa mchanga, na hilo ndilo analoitikia: Ploy, Mook, Ice, Bank, Golf. Wiki ya kwanza waandikishe majina hayo kwenye vibao vya karatasi juu ya madawati, uchore ramani ya darasa, uikariri usiku. Mtoto anayeitwa kwa jina lake la nyumbani na mwalimu mgeni hukaa wima.

Kisha kuna matamshi, na hapo ndipo nataka mwalimu anayezungumza Kiswahili atembee kifua mbele. Mtoto wetu wa darasa la pili akiambiwa aseme “desk” huongeza irabu mwishoni. Mtoto wa Hat Yai hufanya kinyume, humeza mwisho wote, na “rice”, “right” na “light” zinaweza kutoka kinywani mwake zikiwa sauti moja. Mimi hukata karatasi nyembamba, nikaishika mbele ya midomo yangu, nikasema “light” huku nikiitoa ile t ya mwisho: karatasi inaruka. Kila mtoto anapewa yake. Darasa linapiga kelele, wanashindana karatasi ya nani imeruka zaidi, na ndani ya kelele hizo midomo inajifunza kumaliza neno. Aliyezaliwa London huenda asijue tatizo liko wapi, maana hakuwahi kulivuka. Sisi tulilivuka tukiwa darasani, mbele ya walimu wetu, na tunaikumbuka njia.

Nasema hivi kwa sababu utakutana na mlango uliofungwa. Shule moja ilinihoji kwa video, ikasifu somo langu la majaribio, kisha ikaniandikia kwamba wazazi wanataka Mzungu. Inauma, na si haki, wala sitakuambia uizoee. Ninachokuambia ni kwamba usiazime lafudhi ya mtu kwa ajili yao. Zungumza Kiingereza chako safi ulichokisomea, tengeneza video fupi ya somo lako na uitume pamoja na kila ombi la kazi, na utafute shule ambazo mkuu wa idara ya Kiingereza ni mwalimu wa pale pale aliyejifunza lugha hiyo kwa jasho. Watu hao huelewa upesi wanachokiona.

Upweke utakuja, hasa Ijumaa jioni. Nenda msikitini au kanisani wiki ya kwanza, usingoje mpaka uzidiwe. Jifunze namba na salamu za Kithai, mwanamke akimalizia kwa kha na mwanamume kwa khrap, na ununue kahawa kwa mama yuleyule kila siku. Karani wa shule anayeshughulikia makaratasi ya wageni umheshimu kama shangazi yako, umletee korosho kutoka nyumbani, kwa maana yeye ndiye atakayekukumbusha kwamba kila siku 90 lazima uripoti anwani yako uhamiaji.

Na ukipata hamu ya kwenda nyumbani likizo ya Machi, pitia uhamiaji kwanza ukalipie ruhusa ya kurejea: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hiyo, muda wako wa kukaa unafutika mpakani na unaanza upya na viza. Hata kuvuka kwenda Malaysia kwa saa chache kunahesabiwa kuwa ni kutoka. Utazame muhuri kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe ya mwisho, na kama ni wa safari moja au nyingi.