Daftari la Bibi Curie

Mjini Paris, katika nchi ya Ufaransa, yamo madaftari ambayo hayasomwi kama madaftari mengine, bali yamefungiwa ndani ya masanduku yenye risasi. Yalikuwa ya Bibi Marie Curie, ambaye pamoja na mumewe Pierre alivumbua radiamu mwaka 1898. Vumbi la radiamu lilishika mikono yao, na kutoka mikononi likaingia katika karatasi.

Radiamu hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo hupenya mwilini. Bibi Curie alichukua vichupa vyake mfukoni, na usiku alipendezwa kuviona vikimeremeta gizani. Mwaka 1934 alifariki kwa ugonjwa wa damu, uliodhaniwa kuletwa na mionzi hiyo. Basi, mwenyewe amekwisha kufa. Vumbi lake je?

Radiamu, kama vitu vyote, ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu ya radiamu huvunjika, ikawa atomu ya hewa iitwayo radoni. Katika miaka 1,600 nusu ya atomu za radiamu huvunjika hivyo, na muda huo wataalamu huuita nusu-maisha. Jina hilo huwapoteza wengi, kwani mtu hudhani kwamba miaka 1,600 ya pili itamaliza nusu iliyosalia. Sivyo. Gramu 8 hubaki 4. Miaka mingine 1,600 ikipita hubaki 2, kisha 1. Kila mara kipunguacho ni nusu ya kile kilichosalia.

Sababu yake ni hii: atomu haizeeki kama mtu. Iliyokaa miaka elfu haikukaribia kuvunjika kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Senti 100 zikirushwa chini, na zile zilizolala picha juu zikaondolewa, hubaki kama 50. Hizo zikirushwa tena, hubaki kama 25. Hakuna awezaye kutabiri senti ipi itaondoka, lakini hesabu ya zote hukadirika. Wala moto wala tindikali haviwezi kuharakisha kazi hiyo.

Radoni hupungua nusu kwa siku 4 hivi tu. Lakini radiamu ya madaftari yale haina haraka. Tangu mwaka 1898 haijatimia hata miaka 150, hivyo katika kila atomu 20 zilizokuwapo, kama 19 zingalipo. Msomaji atakaye kuyafunua hutia sahihi kwanza kwamba anajua hatari yake.