Mhariri wa Filamu na Video za Muziki

Tukiulizwa tungependa kufanya kazi gani, wengi wetu hutaja udaktari, ualimu au urubani. Wapenda filamu nao hutamani uigizaji. Mhariri hatajwi, ilhali bila yeye hakuna filamu.

Mhariri ni nani? Ni yule anayepokea picha zote zilizopigwa, akazichagua, akazikata na kuziunga ziwe hadithi moja. Si mchezo, jamani! Kwa filamu ya Apocalypse Now, iliyotoka Marekani mwaka wa 1979, zilipigwa picha za zaidi ya saa 200. Watazamaji waliona kama saa mbili na nusu tu.

Zamani ukanda wa filamu ulikatwa kwa kisu na kuungwa kwa mkono. Baadaye kompyuta ikaingia. Mwaka wa 1997 Walter Murch alipata tuzo ya Oscar kwa kuhariri The English Patient, na hiyo ikawa filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa kompyuta kushinda tuzo ya uhariri.

Video ya wimbo ina ugumu wake. Kwa kawaida wimbo hurekodiwa kwanza studioni, kisha mwimbaji akaufuatisha kwa mdomo mbele ya kamera. Ikiwa kila sekunde ina picha 25, wimbo wa dakika nne una picha 6,000. Mdomo ukipishana na sauti kidogo tu, mtazamaji anagundua papo hapo. Isitoshe, mhariri lazima ajue mdundo, ili picha ibadilike ngoma inapolia.

Sasa sikilizeni jambo kubwa zaidi. Mtu akisema mbele ya kamera, "Mimi si mwizi," mhariri akikata silabi moja tu, sisi tutasikia, "Mimi mwizi." Aidha, akichukua uso wa mtu anayecheka harusini na kuuweka kando ya jeneza, tutamchukia mtu huyo bure. Kwa hivyo kazi hii yataka uaminifu kuliko mashine. Makasi ya mhariri yaweza kumvunjia mtu heshima asiweze kujitetea.

Mtu ajiandae vipi? Hapa Nairobi, Kenya Institute of Mass Communication hufunza utayarishaji wa filamu na televisheni. Lakini tunaweza kuanzia hapa shuleni, kwa sababu tamasha la kitaifa la maigizo la shule hupokea filamu pia. Na msidharau Kiswahili! Anayejua sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi ndiye anayejua pa kukata.

Mimi natamani kazi hii nikimaliza kidato cha nne. Baba huniuliza, "Kukata picha nayo ni kazi?" Bado hajakubali, nami simlaumu, kwani jina la mhariri hupita upesi mwisho wa filamu watu wakiwa wameshainuka. Gazeti hili likitoka nitampelekea alisome. Mkono mtupu haulambwi.