Kujikanda na Maumivu ya Mguu Yasiyokoma kwa Wakimbiaji

Mkimbiaji ameumwa mguu kwa mwezi mmoja au miwili. Kila jioni hujikanda kwa mafuta ya nazi, au huuviringisha mguu juu ya rola ya sponji ngumu, ama huazima kwa mwenzake mashine ya kutetemesha misuli. Kwa nusu saa hupata nafuu. Asubuhi maumivu yamerudi, na pengine yamezidi. Swali analokuja nalo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hasa katika majuma yanayotangulia mbio kubwa kama zile za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi, ni hili: je, yawezekana kukanda kwenyewe ndiko kunakoyazidisha?

Yawezekana, lakini inategemea ni kitu gani kinachouma. Ndani ya mguu mna misuli, makano, mifupa, neva na mishipa ya damu, na kila kimoja hulipokea shinikizo la mkono kwa namna yake.

Tuanze na hali ambayo kukanda huifaa. Baada ya mazoezi mageni, hususan ya kushuka milima, misuli huuma kwa namna ya kusambaa, maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa yenyewe. Hapa kukanda hupunguza uchungu kidogo na kuongeza wepesi wa viungo kwa muda mfupi. Hakufanyi hivyo kwa "kutoa asidi" misulini, kama inavyosemwa viwanjani, kwani laktati inayozalishwa wakati wa mbio huondolewa na mwili wenyewe katika muda wa kama saa moja ya mapumziko. Kinachobadilika zaidi ni namna neva na ubongo zinavyoipokea taarifa ya maumivu. Msomaji alishike jambo hili, maana ndipo hatari inapoanzia: kitu kinachotuliza maumivu bila kugusa chanzo chake humpa mkimbiaji ruhusa ya kurudi barabarani kesho yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa muundi. Mfupa ni kiungo hai ambacho kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Mtu anapoongeza kilomita kwa pupa, ubomoaji huutangulia ujenzi. Mwanzoni maumivu husambaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kwa urefu wa sentimeta 5 au zaidi, na mara nyingi hupungua mwili ukishapata joto. Mzigo ukiendelea, huweza kutokea ufa mwembamba mfupani. Sasa maumivu hujikusanya mahali pamoja panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, huja hata katika kutembea, na baadaye humwamsha mtu usiku. Picha ya eksirei katika majuma mawili au matatu ya kwanza huweza kuonekana safi kabisa ilhali ufa upo, na MRI ndiyo huuonyesha mapema. Kwa hiyo, kuambiwa kwamba "eksirei haina tatizo" si kibali cha kuendelea kukimbia ikiwa kidole bado kinaliona lile doa la maumivu.

Je, rola hufanya nini kwenye muundi wa namna hiyo? Haiwezi kuuziba ufa. Huukandamiza utando unaoufunika mfupa, ambao una neva nyingi na tayari umewashwa, na hivyo huongeza uchungu wa siku ile. Lakini madhara makubwa zaidi hutokana na ucheleweshaji. Ufa uliogunduliwa mapema kwa kawaida hupona kwa majuma kadhaa ya kupunguza mzigo. Ule uliokandwa kwa miezi miwili huku mbio zikiendelea huweza kuwa mvunjiko kamili. Nyufa za upande wa mbele wa muundi na za shingo ya mfupa wa paja ndizo za kuogopwa zaidi. Hizi za shingo ya paja hupotosha, kwa sababu maumivu husikika kwenye kinena au pajani, na mtu hulikanda paja akidhani ni msuli uliokaza.

Wanawake wanaokimbia sana na kula kidogo, hasa ambao hedhi yao imekatika au kupotea miezi kadhaa, wamo katika hatari kubwa zaidi ya nyufa hizi. Wanaume nao hawakusalimika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua tatizo hili la upungufu wa nishati kwa wanamichezo wa jinsia zote mnamo mwaka 2014. Dawa yake imo katika sahani na katika ratiba ya mazoezi.

Watanzania tumelelewa juu ya picha ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Heshima yake ni ya haki. Hata hivyo, yale yalikuwa maumivu ya siku moja ya mashindano, na si jambo la busara kuyageuza kuwa kanuni ya mazoezi ya kila asubuhi.

Kano la kisigino lina habari nyingine. Likichoka huwa gumu na lenye kuuma asubuhi katika hatua za kwanza. Linalolirudishia nguvu ni mzigo uliopangwa, si kusuguliwa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha mpango wa kushusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku kwa majuma 12, na mazoezi ya aina hiyo bado ni msingi wa tiba. Maumivu yakiwa pale kano linaposhikana na mfupa wa kisigino, kubonyeza kwa kidole gumba au kwa mpira mgumu huongeza ule mgandamizo unaoliudhi. Katika hali hiyo shavu la mguu laweza kukandwa, lakini kano liachwe.

Upande wa nje wa goti hali ni hiyo hiyo. Ukanda mgumu unaoshuka kutoka nyonga haunyooshwi na rola, na pale karibu na goti hugandamiza tishu laini zilizo chini yake. Kuviringisha mahali hapohapo ni kuongeza kilekile kinacholeta maumivu. Chini kidogo, kwenye shingo ya mfupa mdogo wa mguu, neva hupita karibu sana na ngozi. Ukihisi ganzi juu ya unyayo, au wayo ukaanza kulegea, acha mara moja.

Zipo hali mbili ambazo mguu usikandwe kamwe kabla ya uchunguzi. Ya kwanza ni bonge la damu katika vena. Mkimbiaji hujiona salama kwa kuwa ni mzima wa mwili, lakini safari ndefu ya basi au ndege baada ya mbio, pamoja na upungufu wa maji mwilini, huweza kumtayarishia njia. Shavu la mguu mmoja huvimba, huwa na joto na kuuma, na tofauti ya mzunguko ya sentimeta 3 au zaidi kati ya mashavu mawili ni dalili nzito. Kukanda huweza kulitoa bonge mahali pake likafika mapafuni. Kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua baada ya hapo ni dharura. Ya pili ni pigo lililovilisha damu ndani ya msuli, kama goti la mwenzako lililokugonga pajani. Kusugua kwa nguvu katika siku za mwanzo huongeza damu inayovuja, na pengine huchangia mfupa kuota ndani ya msuli.

Nguvu ya mkono nayo ina mpaka. Imani kwamba "lazima iume ndipo ifae" haina msingi. Kukanda kwa ukali kupita kiasi kumewahi kuvunja nyuzi za misuli hata mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na hali hiyo hudhuru figo.

Anayetaka kuendelea kujikanda ashughulikie sehemu nene ya msuli tu, dakika moja au mbili kila upande, kwa shinikizo analoweza kulivumilia huku akizungumza kawaida. Kisha aupime mguu asubuhi inayofuata. Ukiwa umezidi kuuma, apumzike kukanda kwa siku saba na kupunguza mbio, aone kinachobadilika. Maumivu yanayodumu zaidi ya majuma mawili licha ya kupunguza mbio, ya mahali pamoja mfupani, ya usiku, au yanayomfanya achechemee, yampeleke kliniki. Aende na maandishi ya kilomita alizokimbia kila juma kwa miezi mitatu iliyopita, tarehe aliyobadilisha viatu au njia, na mahali hasa panapouma, pakiwa pamewekwa alama kwa kalamu juu ya ngozi kabla hajaingia chumba cha daktari.